Sauti ya Kufundishia

Jumatatu, 12 Agosti
Zamu yangu wiki hii. Mstarini asubuhi, ukungu umefunika mpaka bendera. Nilikuwa natangaza usafi wa vyoo, sauti ikakwama katikati ya neno. Watoto wa mbele wakatazamana. Nikakohoa, nikaendelea. Sauti kama debe linalokwaruzwa.
Vipindi mfululizo. Hesabu kidato cha pili, kisha kidato cha nne. Darasa limejaa mpaka mlangoni, na upepo wa milimani huku Tumati unapiga mabati. Usipopaza sauti hawasikii. Miaka kumi na minne napaza sauti hapa.
Mchana makande. Yalinichoma kooni, nikayaacha.
Tangu Aprili hali ni hii. Najiambia ni baridi. Sisi wa Tabora baridi ya huku hatuizoei.

Jumatano, 14 Agosti
Tangawizi, asali, maji ya chumvi. Hakuna kitu. Mama Sulle, mwenye nyumba wangu, kanichemshia majani anayoyajua yeye. Machungu. Nimekunywa yote kwa heshima yake.
Kidato cha nne nimewafundisha marudio ya logarithi kwa kunong'ona. Nilidhani watafanya fujo. Wakanyamaza. Wa nyuma wakabeba viti, wakaja kubanana mbele. Ningepaswa kufurahi. Niliogopa. Darasa humnyamazia hivyo mgonjwa.

Ijumaa, 16 Agosti
Sauti imekwenda kabisa.
Wakati wa kurudi nilikutana na watoto wa shule ya msingi wamebeba kuni. "Shikamoo, mwalimu." Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Nikainua mkono. Wakasimama. Wakarudia kwa nguvu, kama wanaoomba msamaha: "Shikamoo, mwalimu!" Huku mtu mzima asipoitikia shikamoo, amekukasirikia au amekudharau. Yule mdogo kabisa akaanza kulia.
Nimefika nyumbani, nikalia na mimi.

Jumapili, 18 Agosti
Mama amepiga kutoka Tabora. Masikio yake mazito siku hizi. Nikajitahidi kunong'ona. "Halo? Zainabu? Halo?" Nikamsikia akimwambia mtu wa pembeni kwamba mtandao wa milimani mbaya kweli. Akakata. Akapiga tena. Nikaiacha iite.
Nimemtumia mdogo wangu ujumbe amwambie mama simu yangu imeharibika. Sijui kwa nini nimedanganya. Aibu, nadhani.

Jumanne, 20 Agosti
Bura. Sikutegemea kuandika jina lake hapa kwa wema. Anafundisha Kiswahili, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Hatupatani. Anasema walimu wa hesabu tunajisikia sana.
Leo kaingia darasani kwangu bila kuitwa, akasimama kando ya ubao. "Wewe andika, mimi nitasoma."
Nikaandika, akasoma. Hesabu hajui hata kidogo. Kipeo cha pili anakiita "kale ka mbili kadogo kaliko juu." Darasa likacheka. Yeye akacheka. Nikacheka bila sauti mpaka machozi. Na wameelewa. Hata waliokwama wiki iliyopita wamepata.
Kengele ilipogongwa nikamshika mkono. Akatazama pembeni. "Dada, nenda hospitali. Achana na majani."

Jumatatu, 26 Agosti
Hospitali. Bura kanisindikiza, hakutaka kusikia hapana. Daktari kijana. Akapitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni. Akauliza kazi yangu. Bura akajibu: "Mwalimu." Daktari akaweka kalamu chini.
Kuna uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti. Lazima niende Moshi, ukatwe, upimwe. "Inawezekana ni kitu kibaya, inawezekana siyo. Lakini sauti sikuahidi."
Stendi Bura akauliza kama nataka soda. Nikatikisa kichwa. Akanunua mbili, akazinywa zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kunitazama.

Jumatatu, 2 Septemba
Mkuu wa shule kaniita. Mtu mpole, alishaandaa maneno. Nikirudi kutoka Moshi atanipa kazi ya stoo. "Upumzike, mwalimu." Bura hawezi kuacha vipindi vyake anisomee. Hesabu za kidato cha nne zitasimama mpaka apatikane mtu. Mtihani wao ni Novemba.
Nikapiga meza kwa kiganja. Kalamu zikaruka. Akangoja hasira yangu ipite, kisha akasema, "Najua." Afadhali angenifokea. Ningepata wa kumlaumu.

Alhamisi, 12 Septemba
Moshi. Wamekata. Marufuku kusema, hata kunong'ona.
Mama wa kitanda cha jirani anaongea kwa niaba yetu wawili. Ananieleza habari za wajukuu wake na migomba yake. Sijamtazama vizuri usoni. Nawaza kidato cha nne. Nani yuko nao saa hizi? Hakuna mtu. Wamekaa tu, au wanapiga kelele, wana sauti zao.
Naogopa majibu. Naandika tu, naogopa.

Jumatano, 25 Septemba
Siyo saratani. Alhamdulillahi.
Daktari akasema nijaribu. Nikasema, "Asante." Ikatoka nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Akaniambia itaishia hapo hapo. Kuongea na mtu mezani, sawa. Kufundisha, hapana. Ukilazimisha, hata hii itakwenda.
Nimempigia mama. Akauliza, "Nani mwenzangu?" Nikamwambia ni mimi. Akauliza tena. Niliporudia mara ya tatu akasema, "Mwanangu, wamekufanya nini?"


Jumanne, 22 Oktoba
Stoo imepakana na darasa la kidato cha nne. Ukuta mmoja. Wamepata mwalimu wa kujitolea, kijana wa Babati, wiki yake ya pili sasa. Nilikuwa napanga ndoo, nikasikia kila neno. Alikosea mfano wa kwanza, akajisahihisha mwenyewe. Kisha akafundisha uwezekano kwa maharage mekundu na meupe ndani ya kofia, kila mtu achomoe bila kuangalia. Mimi sikuwahi kufikiria hivyo. Wakabishana, wakacheka, wakajibu kwa pamoja.
Anafundisha vizuri. Nimeshukuru, na imeniuma. Nilikaa juu ya gunia mpaka kipindi kikaisha.
Mvua imeanza kidogo. Baadaye kidato cha pili wamekuja kuchukua majembe ya shamba la shule. Nimewagawia. Nimefagia mlangoni, nimefunga.