Useme Nini Ndani ya Sungura

Furaha, mjukuu wangu,

Wengi wanaotia sauti ndani ya mwanasesere hukosea kwa kurekodi hotuba. Sisi huku Mangobo tu wazima, ila mwanao hukimbilia mlango kila pikipiki inaposimama, akidhani umerudi. Sungura wake wa kitenge nimemshona. Tumbo liko wazi, linangoja kile kidude cha sauti, nawe unauliza useme nini.

Nilipokuwa msichana, mama alilazwa hospitali, na mdogo wangu Kito akakataa chakula hadi tukamhofia. Papa akaleta kaseti yenye sauti ya mama: "Mwanangu, uwe mtoto mzuri, Mungu akulinde." Kito alilia hadi pumzi zikamkatika. Tuliogopa kuizima, tukaogopa kuiacha. Mwishoni mwa kaseti, mama akidhani mashine imezimwa, tukamsikia akimwambia Papa: "Na ule mutundu wangu? Umuambie afungule kinywa, samaki iko inapoa."

Kito akanyamaza. Akafungua kinywa, nami nikamtilia samaki.

Nadhani ile hotuba ilimwambia mama ameondoka. Karipio lilimwambia bado yupo.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, nitumie sauti yako ukimgombeza mwanao anawe mikono.

Koko wako