Deo Alipita kwa Mama Yake

Mjukuu wangu Aline,

Hapa Bujumbura tuko salama, na mguu wa bibi yako unapona. Umeniuliza kwa nini sisi askari wa zamani bado tunadai medali za wenzetu waliokufa.

Wakati wa vita, rafiki yangu Deo aliuawa asubuhi kwenye tope la mto, nje ya Cibitoke. Mchana nilitumwa mtaa wa Ngagara, hapa Bujumbura, kumwambia mama yake. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Deo ametoka sasa hivi. Nimemupa chakula, hakugusa. Hakusema kitu."

"Apana, mama," nikasema. "Deo amekufa asubuhi."

Alinionyesha sakafu. Nyayo za buti zenye tope bichi ziliingia mlangoni hadi kwenye kiti. Za kutoka hazikuwepo.

Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Basi alitaka nini?"

Juzi tulikwenda na mama huyo, sasa mzee sana, kwenye ofisi ya jeshi kudai tena medali ya Deo. Afisa akamwambia maiti havai medali.

"Nipe mimi," akasema mama. "Siku akirudi, nisikae tena mikono mitupu."

Afisa akaandika jina la Deo. Tunangoja.

Mungu akulinde huko uliko.

Babu yako