Barua Niliyojifanya Kuisoma

Mbinga, Alhamisi, mwezi wa sita

Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka. Kahawa iliyo kwenye vichanja tumeifunika maturubai, nami nimejifunika kitenge juu ya sweta, lakini baridi ninayoisikia leo siyo ya Juni.

Ni aibu.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Siku nisipomsifu Agripina wangu ujue naumwa. Na ni kweli, mtoto yuko kidato cha tano, Kiingereza anakiandika kama anakunywa maji, na ukurasa huu alinifungulia yeye kwenye kafe ya intaneti mjini. Mimi naandika kwenye daftari, yeye akija likizo ananichapia. (Agripina, hii ya leo uichape yote. Usipunguze kitu kwa kunihurumia.)

Tatizo ni kwamba sifa za mtoto nilianza kuzivaa mimi. Siku hizi soko la kahawa limeachiwa, kikundi kinaweza kujitafutia mnunuzi wake hata Ulaya. Kikundi chetu cha akina mama kilipotaka katibu, wakauliza nani anajua Kiingereza. Darasa la saba mimi. Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Lakini mkono niliunyoosha mpaka kiti kikalia.

Nikasema, "Kwangu Kiingereza ni cha nyumbani."

Cha nyumbani! Haya.

Tulituma sampuli ya kahawa yetu kwa mnunuzi mmoja wa Ulaya. Mwezi wa kwanza barua ikaja, ukurasa mzima umepigwa chapa, akina mama wote wamekaa wananitazama mdomoni. Agripina alikuwa amesharudi shule. Mtu mwenye akili angesema, jamani, hii tumpelekee mwalimu. Mimi nilivaa miwani ya marehemu mume wangu, ambayo hata hainisaidii kuona, nikaanza kusoma. Nilitambua maneno manne: kahawa, samaki, ghala, tafadhali. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe.

Niliwaambia mzungu ameipenda kahawa yetu na anaomba tumtumie tena. Halafu, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Chiwanda, mtoto wa ziwani niliyeolewa huku milimani, lile neno samaki likanipanda kichwani. Nikasema, "Na anaulizia samaki wetu! Habari za Ziwa Nyasa zimefika mpaka huko!"

Vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Katibu, umetutoa kimasomaso!"

Majibu niliandika mwenyewe. Nilichukua daftari la zamani la Agripina lenye mifano ya barua, nikanakili sentensi zilizonipendeza kwa macho: tumefurahi sana kupokea barua yako, tutaendelea vivyo hivyo. Kisha kwenye kifurushi cha sampuli ya pili nikatia mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wakavu, wazuri. Zawadi.

Usipa. Ndani ya kahawa.

Miezi ikapita kimya. Walipouliza nilisema wazungu hawana haraka. Jumatatu ya wiki hii mnunuzi mmoja alikuja na lori lake na mizani yake, anataka kahawa ya mwanzo wa msimu ambayo imeshakauka. Akina mama wakanigeukia mimi. Nikawaambia mwacheni aende, sisi tuna mtu wetu. Lori likageuza.

Jumanne Agripina akafika likizo. Hata chai hajamaliza, nikamtolea ile barua aone mama yake anaandikiana na watu gani.

Akaisoma. Akairudia.

"Mama, hii uliwasomea akina mama?"

"Niliwasomea."

"Ukawaambia inasema nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauona uso wangu, akaacha.

Barua inasema kahawa yetu inanuka samaki. Inasema kahawa hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Inauliza ghalani kwetu mnawekwa nini kingine, na inatuomba tafadhali tukiondoe, halafu tutume sampuli safi, kwa sababu bila harufu ile kahawa yenyewe inaonekana ni nzuri.

Inaonekana ni nzuri. Hapo ndipo paliponichoma.

Na ghalani mnawekwa nini? Magunia yangu ya usipa. Kaka yangu ananiletea kutoka ziwani, nawauza sokoni, na ghala la kikundi lina bati jipya, halivuji. Ufunguo anakaa nao katibu. Kahawa ya msimu huu nayo iko mle mle.

Sasa nikiri na hili. Sikulia, sikutubu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwomba mwanangu aandike uongo.

"Andika wewe, mwanangu, kwa kile Kiingereza chako kizuri. Sema posta walichanganya mizigo."

"Na usipa, mama? Walipanda wenyewe na nauli yao?"

"Wewe andika tu."

"Hii siandiki. Andika wewe, kwa maneno uliyonayo. Nitakwambia pale nisipokuelewa."

Nilimwambia shule inamharibu. Nilimkumbusha na nilivyombeba tumboni, miezi tisa, na kutapika kote kule. Aliniwekea kalamu na karatasi mezani, akaenda kuosha vyombo.

Ikabidi niandike.

Siku mbili nimeandika. Daftari la mifano kalificha. Masharti yake: sentensi moja, jambo moja. Nikimaliza nasoma kwa sauti, yeye anapiga mstari wa penseli pale alipopotea, na jibu hanipi, natafuta mwenyewe kwenye kamusi. Karatasi ya kwanza ilijaa mistari kama shamba la matuta. Nilitamani kuichana. Mama mzima, nina mjukuu wa kaka yangu ananiita bibi, nahangaika na sentensi ya watoto.

Lakini nimegundua jambo. Kwa Kiswahili mimi naweza kulizunguka kosa langu mpaka likaonekana la jirani. Kwa Kiingereza sina maneno ya kuzungukia. Nina ya kusemea tu. Mimi niliweka samaki ghalani. Sikuielewa barua yako. Niliwaambia wenzangu kwamba nimeielewa.

Hii ya tatu Agripina aliiangalia sana. "Mama, hii mnunuzi anaihitaji kweli?"

Nikamwambia sijui, ila imetoka, iache hapo hapo.

Karatasi ya tano ina mistari miwili tu ya penseli.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Osmunda, mwenyekiti wetu. Nilimkuta kwenye mashine ya kumenya, anachambua kahawa kabla haijaingia, mbichi huku, mbivu kule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Katibu. Mzungu wetu kasemaje?"

Nikamwambia yote, nimesimama. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Kwa hiyo lile lori tumelirudisha bure."

"Ndiyo, mama."

"Na harufu ni ya usipa wako."

"Ndiyo."

Nilingoja matusi, nilikuwa nimejiandaa nayo. Akasema bila kuniangalia, "Harufu tuliisikia, Mama Agri. Wote tuliisikia. Winfrida alitaka kukwambia tangu tunafunga ile sampuli ya kwanza, mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, yule ni msomi, anajua anachofanya."

Ni heri angenitukana.

Wanawake waliozaliwa ndani ya kahawa. Wanaojua kwa pua tu kwamba kahawa imeoshwa jana au juzi. Walizinyamazisha pua zao kwa ajili yangu, mimi niliyeijulia kahawa kwenye ndoa. Nilidhani niliwadanganya juu ya barua tu. Kumbe niliwafanya wasijiamini hata kwa vitu wanavyovijua kuliko mimi.

Mchana nimeyatoa magunia ghalani, moja moja, kichwani, mpaka kwangu. Ukungu haukunisaidia, kila mtu aliniona. Habari zilikuwa zimeshatembea. Winfrida alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa, akaita, "Katibu! Samaki wa mzungu wamekataliwa?"

"Wamekataliwa," nikasema.

Wakacheka. Nami nilistahili. Agripina alitaka kunipokea gunia la mwisho, nikamkatalia.

Mama Osmunda anasema barua yangu isiende posta kwanza. Kesho saa nne amewaita akina mama wote. Nitawasomea ile ya mzungu, neno kwa neno kwa Kiswahili, kama ilivyo. Halafu nitawasomea ya kwangu. Halafu nitakaa chini na wao watasema: kama itumwe, kama wamtafute yule wa lori, kama ufunguo uende kwa mwingine. Mnunuzi wa Ulaya huenda hatajibu tena, nami sitamlaumu.

Nimeisoma barua yangu mara nyingi jioni hii ili kesho sauti isikatike. Ni fupi. Haina hata sentensi moja ya kupendeza. Lakini kila neno lililomo najua limefuata nini pale.

Ninachojiuliza ni hiki tu. Kiingereza nilikuwa nakitaka ili nielewe, au nilikuwa nakitaka ili nitazamwe?

Maana kama ni kutazamwa, kesho saa nne watanitazama vya kutosha.