Mkorogo Ulioingia Mikononi Mwako

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mama alipofariki ulinilea wewe, na mdomo wangu haujazoea kuanza na jengine.

Leo nimefunga duka mapema. Nimekaa nyuma, kwenye kile chumba chako kisicho na dirisha, ulimokuwa ukichanganya mkorogo. Ulikoroga krimu na ule unga mweupe uliokuwa ukiletewa kwenye mifuko isiyo na jina, kwa mikono mitupu, huku ukiimba. Nje wanawake wa Mwanakwerekwe walisubiri weupe wao. Wewe mwenyewe hukujipaka hata siku moja. "Weusi wangu kanipa Mungu," ulikuwa ukisema, "siurejeshi." Tukicheka mpaka wateja wakauliza kuna nini.

Mimba uliingoja miaka mingi. Ilipokuja, hukuacha kazi. Vidole vikaanza kutetemeka, tukasema ni mimba. Mdomo ukawa na ladha ya shaba, tukasema ni mimba. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Nikawa nakukanda kwa maji ya chumvi, unasinzia kabla sijamaliza. Siku ulipolalamikia ukungu machoni ndipo nikakuburura hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alikupima presha, akairudia. Akauliza unajipaka nini.

"Sijipaki kitu, mwanangu."

"Basi unafanya kazi gani?"

Nikajibu mimi.

Majibu ya vipimo yalipofika, alivuta kiti karibu na kitanda chako. "Kwenye dawa hizo mna zebaki, Bi Zuhura. Si lazima ujipake. Inapenya mikononi, na hewa yake unaivuta. Figo zimeumia, na mimba imezizidishia mzigo."

Ukavitazama viganja vyako. "Na mtoto?"

"Itabidi tumtoe mapema. Tutajitahidi."

Salma alizaliwa hajatimia, mwepesi kama kifaranga, lakini akalia. Wewe ukaanza safari za kusafishwa damu. Siku moja tumeshuka garini, Salma yuko kiunoni kwako, ukasimama. "Nimechoka, mdogo wangu. Sasa mchukue wewe." Nikampokea, nikidhani unasema mpaka nyumbani tu. Mvua za masika hazijesha, tukakuzika.

Salma anakwenda skuli sasa. Alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema. Nimeuliza kama ni zebaki au ni kuzaliwa kabla ya wakati, na kila daktari ananambia si rahisi kujua. Nshachoka kuuliza. Kila jioni tunarudia maneno yale yale, na kesho yake mengine yameshampotea. Mumeo anakuja kumtazama, anakaa kidogo, anaondoka macho mekundu.

Dukani nimebakisha hina, udi na manukato. Wateja wako bado wanakuja. "Ule mkorogo wa dada yako umekwisha?" Nawaeleza kilichokuua. Wengine wanasikitika. Wengine wanaguna, wanakwenda duka la pili.

Juzi alikuja binti mmoja, tumbo limeshaanza kuonekana. Anataka akitoka arubaini awe anang'ara. Nikamsimulia habari zako tangu mwanzo, kwa sauti ile ile niliyokwisha kuitumia kwa wenziwe.

"Mimi nitapaka kidogo tu, dada," akasema.

Salma akatoka chumbani. Alitaka kumwambia mgeni jina lake, likamkwama. Binti hakumsaidia wala hakucheka. Alisubiri mpaka likatoka lote. Kisha akainua mkono wake kutoka kwenye ile meza uliyokuwa ukiuzia mkorogo, akautazama, akaufuta kwa kanga, ingawa mezani hapakuwa na kitu.

Akaaga. Zamani ningetoka mlangoni kuangalia amekata upande gani, nyumbani au kwenye lile duka la pili. Safari hii sikuinuka.

Mungu akurehemu, dada. Pumzika wewe. Mmoja wetu na apumzike.

Mdogo wako uliyemlea,
mama yake Salma