Mama Anataka Kuiona Pesa

Jumatano, 4 Machi

Redio imenivuruga! Nashona pindo la gauni la watu, mtangazaji anasema kuna kompyuta mpya zinatengenezwa, za kwantamu, na zikikamilika zitaweza kuvunja kufuli za sarafu za mtandaoni. Sindano ikanichoma. Pesa tuliyopata kwa kuuza nyumba ya marehemu baba iko kwenye sarafu hizohizo. Yote! Ndiyo ya kumnunulia mama nyumba, atoke kwenye chumba changu cha cherehani anakolala nyuma ya pazia.

Nimempigia Profesa, ndivyo tunavyomwita mdogo wangu, aliyetushawishi na anayeishika pesa hiyo. Akacheka. Eti hayo ni ya wajukuu zetu. Eti dada, wewe shona tu. Nishone! Mimi niliyembeba mgongoni!

Alhamisi, 5 Machi

Mwalimu wa kompyuta kaja kujaribu sketi. Nikamuuliza, pini mdomoni. Kasema kompyuta hizo bado hazijaweza, na hakuna ajuaye lini. Ila anwani, yaani akaunti za sarafu hizo, zilizo hatarini zaidi ni zile zilizowahi kutoa pesa. Kama umepokea tu bila kutuma, kuna ufunguo unabaki umefichwa. Ukituma hata kidogo, dunia nzima inauona, na kwa huo kompyuta hizo zitaupata ule wa siri unaofungua pesa.

Sisi tunatuma kila mwezi! Mama haamini pesa asiyoiona. Basi kila kikao cha familia Profesa hutuma kidogo kwenye simu ya kaka mkubwa, simu inalia, mama anapiga vigelegele, kaka anairudisha kwenye anwani ileile. Iko hai, mama husema. Kumbe tunaianika!

Jumatatu, 9 Machi

Profesa hapokei. Nimemwandikia aihamishe pesa kwenye anwani mpya isiyowahi kutuma; kanijibu tu kwamba ada ya kuhamisha iko juu, ningoje ishuke. Ada! Viatu vyake vipya mbona havikungoja?

Jumamosi, 14 Machi

Nimemfuata dukani kwake anakouza simu, mbele ya wateja. Sitoki hapa mpaka ihame, nikasema. Kanuna, lakini kahamisha, anwani mpya kabisa, macho yangu yakiona. Nikamwapisha: humu haitoki hata senti hadi siku ya kununua nyumba. Kaapa. Kaniita dada kipenzi. Mnafiki! Lakini leo nitalala.

Jumapili, 15 Machi

Kikao kwangu. Nimemweleza mama: pesa iko mahali salama, ila hatutaiona ikitembea tena. Akauliza: sasa atajuaje hatujaila? Nikamjibu kwa upole, nikaenda kuchemsha chai. Moyo unawaka — si kwake, kwa huyo aliyemzoesha maonyesho!

Narudi na vikombe — simu inalia, vigelegele! Kaka mkubwa anatazama dari. Profesa anasukumiza simu yake mfukoni. Eti mama kaomba. Eti mara moja tu dada, kidogo tu!

Ningemrushia sinia. Lakini mama kanishika mkono, machozi yanamtoka kwa furaha. "Iko hai, mwanangu. Nilishadhani imepotea."

Niko jikoni, naandika. Itahama tena leoleo, na ada atalipa Profesa kwa viatu vyake! Halafu mwezi ujao? Nani atamwambia mama hapana? Mimi mwenyewe nimeshindwa, nimemfuta machozi tu.

Mama ananiita. Kamleta jirani, kamketisha kwenye kiti cha cherehani. Anamwambia Profesa atume tena, na mgeni aone —