Kabati la Baba na Maji ya Darini

Mlango wa tatu, ghorofa ya pili,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, na zikikuzidi mgawie shemeji. Je, kifua chako kimepoa? Na mgongo wa shemeji unamruhusu kuinama, au bado anaokotewa vitu na watoto? Sisi hatujambo. Wifi yako ana kikohozi, ila hakijamzuia kunisema, kwa hiyo sithubutu kumwita mgonjwa.

Najua unairuka mistari hii kutafuta habari za Mama. Mama ni mzima. Goti limepata nafuu tangu aache kupanda ngazi zetu, na chumba chake kwenye makao ya wazee amekizoea kuliko nilivyotegemea. Wiki ya kwanza alidai amekuja kutembea tu. Sasa ananiambia nibishe hodi kabla ya kuingia.

Dada, nina jambo la kukueleza na nimelizunguka siku tatu nzima. Ni kuhusu kabati.

Unajua vinyunyizio vya maji katika jengo lile la wazee niliviweka mimi na wenzangu wawili. Ni vile vichwa vidogo vya darini: moto ukiwaka, joto linapasua kichupa kilichomo ndani, maji yanamwagika kama mvua. Lakini maji hayakati kona. Kitu kirefu kikisimama karibu, nyuma yake panabaki pakavu, na moto hauhitaji mwaliko mwingine.

Ndiyo maana kabla ya kufunga kichwa kimoja nazunguka na futi kuanzia boriti na nguzo mpaka taa na feni. Wazee wenyewe wamenichoka. Jirani yake Mama, dereva mstaafu, nimemshushia sanduku lake juu ya rafu mara mbili, na mara ya pili nilimpa na hotuba.

Chumba cha Mama nilikipima kikiwa kitupu. Kisha nikalibeba kabati la Baba kwa mabega yangu haya, nikalisimamisha katikati, baina ya mlango na kitanda, maana Mama alitaka stara anapobadilisha nguo. Lile taji la maua ya kuchongwa juu yake lilibakiza shubiri moja kufika dari. Nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama, nikaona uzuri tu. Miezi mitatu nimeingia na kutoka humo, futi iko mfukoni.

Jumatano alikuja mkaguzi wa zimamoto, binti ambaye ningeweza kumzaa, mpole sana. Hakupima kitu. Alimwomba Mama ruhusa, akajilaza kitandani pake, akatazama juu. Akainuka, akaniomba nami nilale. Nikalala na viatu vyangu mkononi. Kinyunyizio nilichokifunga mwenyewe sikukiona. Nilichokiona ni mgongo wa kabati.

Aliuliza nani aliruhusu kabati likae pale. Kabla sijafungua mdomo, dereva mstaafu akajibu kutoka mlangoni kwamba aliyeruhusu ndiye huyo aliyelala. Wanasema mganga hajigangi, lakini mimi hata kujipima sikujipima. Nilitamani ardhi inimeze.

Usidhani nilikimbilia msumeno. Ukutani halitoshi: upande mmoja kuna dirisha, mwingine mlango wa bafu, mwingine kitanda. Nikikihamishia kinyunyizio upande wa kitanda, upande wa mlango unabaki mkavu. Nikiongeza cha pili hapo karibu, cha kwanza kitakilowesha, kitapoa, na kichupa chake hakitapasuka. Sheria yetu inataka uwazi wa karibu nusu mita chini ya kichwa, na kabati liliacha shubiri tu.

Mama alikuwa kitini, ameshika goti, anatusikiliza. Nikamwambia nitatafuta njia. Nikamkumbusha kwamba taji lile Baba alilichonga mwaka uliozaliwa wewe, na kwamba nilikuapia kwenye simu kuwa msumeno hautaligusa. Akaniuliza jambo moja tu, kama moto ukiwaka maji yatamfikia pale alipolala. Nikamwambia hayatafika.

“Basi likate,” akasema. “Baba yako alinitengenezea linitunzie nguo. Hakulitengeneza linizuilie maji.”

Nililikata Alhamisi asubuhi, taji pamoja na sanduku la juu la kabati lenyewe. Nililia, sikufichi. Mama alilishika upande wa pili na kunikumbusha kila dakika kwamba Baba alikuwa akikata kwa mstari ulionyooka zaidi. Tulipomaliza nikamwomba alale atazame. Akasema kinyunyizio anakiona vizuri, na kwamba kina vumbi.

Anataka nikuandikie kuwa ni amri yake. Amri ni yake kweli, ila kosa ni langu. Ningepima siku ile ya kwanza, ningekupigia simu, tukaamua pamoja, nawe ukaliaga kabati likiwa zima. Nimekunyima hilo, na ninakuomba msamaha.

Taji limefungwa kwenye blanketi hapa kwangu. Ni lako.

Kasirika, Dada, una haki, nami hasira zako nitazibeba zote. Lakini miezi mitatu Mama amelala mahali pakavu, na aliyempangia kulala pale ni mimi. Nikiifikiria simu ambayo ningeweza kulazimika kukupigia, nashukuru kwamba ninakuandikia barua hii.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wote, hasa yule Mama Maneno wenu. Mwambie mjomba wake bado anamdai wimbo. Wifi yako anakusalimu katikati ya kukohoa. Mama anasema ule, uvae sweta.

Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, fundi bomba.