Nilivyonaswa na Kurasa Zangu Mwenyewe

Murungu, Kibondo
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua sauti itakayokufikishia salamu hii ni ya mdogo wangu, kwa hiyo naanza na yeye: Somoe, msomee mama polepole, usiruke mistari, na ukifika penye uchungu usipalainishe. Nakujua.

Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia? Na pale kwenye meza yako ya vitenge, yule jirani wa mitumba bado anasogeza mpaka wake kila wiki? Mimi kiafya sijambo. Ni mafua tu, maana asubuhi za huku zina baridi ya kuuma masikio, na ukungu hauondoki kwenye migomba mpaka tumeingia kipindi cha pili. Chakula nakula. Maharage ya huku ni matamu, na mama mwenye nyumba wangu hawezi kuepua chungu bila kunigawia. Juzi alinikuta nimekaa mlangoni peke yangu, akaniwekea bakuli mapajani, akasema, "Madamu, usikae hivyo nk'umugeni, kama mgeni. Wewe ni Muha wetu sasa." Alisema kwa upendo. Nikamshukuru, nikaingia ndani, nikalia.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nakudanganya. Nasema niko salama, unasema alhamdulillahi, salio linakwisha. Lakini wiki iliyopita Hamisi ndiye aliyepokea. Nilimsikia akikimbia nayo uani huku akiita, "Mama, kuna mtu anakutaka." Mama ni wewe. Mtu ni mimi.

Sikulaumu. Nilimwacha bado ananyonya, na baba yake tangu aoe kwingine hajauliza hata kama mtoto ana viatu. Wewe ndiye umemlea. Lakini mwakani anaanza darasa la kwanza, na nilikuahidi, na nikaapa mbele ya Mjomba, kwamba siku hiyo nitamshika mkono mimi mwenyewe, huko Masasi. Mara ngapi umeniambia, "Mchukue basi uishi naye huko"? Nikakataa. Nilijua siku nitakayomleta Murungu ndiyo siku nimekubali kubaki Murungu.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana habari uliyopewa na Somoe ni nusu.

Mtumishi wa serikali akitaka kuhama, Mama, haondoki tu. Njia iliyo rahisi ni kumpata mwenzake aliye kule anakotaka kwenda, naye awe anataka kuja huku, wabadilishane. Wanaotaka kutoka Kibondo ni wengi. Wanaotaka kuja, tafuta. Nilitafuta tangu mwaka juzi, na mwaka huu Mungu akanipa mmoja: Mwalimu Bihaga, anafundisha hapo hapo Masasi, lakini ni mzaliwa wa Kasulu, wilaya ya jirani na hii yetu, na mama yake yuko Kasulu peke yake, mzee, macho yanampotea. Alinipigia akaniita dada kabla hajanijua jina. Tukakubaliana: yeye aombe kuja kwangu, mimi niombe kwenda kwake, na kila mmoja apeleke barua ya mkuu wake wa shule ya kumruhusu.

Maombi hayo yanajazwa mtandaoni. Nikajaribu kwa simu yangu hii yenye ufa. Fomu ni ndefu, herufi ni mchwa, na kila nikitoka kwenda kutafuta namba fulani kwenye barua pepe, nikirudi nakuta fomu imefutika. Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Kibondo mjini, kwenye duka la Mama Swaumu, anayetoa kopi na kukodisha kompyuta. Ni mtu wa Bagamoyo, aliletwa huku na ndoa, na ulimi wake haujalainika hata kidogo. Akanitazama nafunga ukurasa mmoja ili nifungue mwingine, akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu," akasema, "ukitaka kuonja mchuzi huwa unamwaga wali kwanza?"

Akanionyesha alama ya kujumlisha iliyo juu ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao. Ukiibonyeza unazaliwa ukurasa mwingine, na ule wa kwanza unabaki ulivyo. Wao wanaita vichupo. Mama, ni kama unavyopanga vitenge mezani: kila kimoja umekikunja, pindo tu ndilo linaonekana, mteja akigusa pindo unamkunjulia chote, na vingine havisumbuki. Nilikaa pale nikiruka kutoka pindo hadi pindo, fomu huku, barua pepe kule, ujumbe wa Bihaga upande wa pili. Niliona aibu kwamba nimefundisha miaka yote hii bila kukijua kitu chepesi namna ile.

Kisha umeme ukakatika. Ulikatika kama unavyokatika Kibondo, bila hodi. Ulipowaka, kila kitu kilikuwa kimekwenda. Mama Swaumu hakushtuka. Akaniambia kivinjari kinapachikwa vijiprogramu vidogo, viongezo, kama unavyofunga kiti cha mtoto nyuma ya baiskeli. Baiskeli ni ile ile, ila sasa inabeba. Kuna cha kuzuia matangazo, kuna cha kutafsiri, na kuna kimoja kinachotunza kila neno unaloandika kwenye fomu, ili giza likiingia usianze upya. Akanionya nisipachike hovyo. "Kiongezo nacho ni mgeni," alisema. "Kabla hujakipa chumba, soma kinaomba ruhusa ya nini." Akanionyesha pia, kwenye mipangilio, pa kukiambia kivinjari kwamba kikifunguliwa kirudishe kurasa zote zilizokuwa wazi.

Nilirudi Murungu nimejaa maarifa. Shuleni tuna kompyuta moja, ya kubebeka, ambayo walimu wote tunaingizia alama. Jumatatu nikaifanya vile vile: nikapachika kiongezo cha kutunza fomu, nikaweka na ule mpango wa kurudisha kurasa. Umeme wa kwetu ni mbaya kuliko wa mjini, nikajiona nimetenda wema. Jioni nikafungua maombi yangu, nikajaza, nikafunga, nikaenda zangu.

Hapo ndipo nilipojinasa, Mama. Dukani kwa Mama Swaumu kila mteja hajulikani na mwenzake. Kompyuta ya shule ni ya nyumba nzima. Asubuhi Mkuu wa shule akaiwasha, na kurasa zangu zikarudi zote, zimejipanga juu kwa adabu: maombi ya uhamisho, maongezi yangu na Bihaga, mpaka vyumba vya kupanga Masasi.

Akaniita ofisini. Mkuu wetu ni mtu wa Rungwe, mpole, hapandishi sauti, na ndiyo maana nilitamani angefoka.

"Kumbe unahama, Mwalimu."

"Nilikuwa nije kukueleza, Mkuu."

"Lini? Ukishakata tiketi?"

Mtu haombi uhamisho kabla hajamwendea mkubwa wake kumuaga kwa mdomo. Hata wewe usingenitetea. Nikamwomba msamaha, nikamwomba na ile barua ya ruhusa. Akaigeuza kompyuta taratibu ikanielekea.

"Jiografia nitampa nani? Na hii mitandao? Nilikuwa sijui tuna mtu." Akafungua droo, akanipa ufunguo wa kabati inamolala kompyuta. "Kuanzia leo hii ni yako. Ukiondoka wewe, nani atatuandikia?"

Na hivyo ndivyo nilivyotunukiwa, Mama. Nilijifunza mlango wa kutokea, nikakabidhiwa ufunguo wa kubaki. Kila mwalimu akawa ananiletea lake: huyu hati ya mshahara, huyu amesahau nywila, huyu anataka kiongezo cha kutafsiri barua ya mtoto wake aliye nje. Wananisifu. "Madamu, bila wewe tungekuwa wapi?" Kila sifa ninaisikia kama komeo likisogea. Nilianza kuchukia hata milima. Ukikaa uwanjani hapa, kila unakotazama ni mgongo wa kilima, na nyuma yake kingine, na Masasi iko nyuma ya vyote. Bihaga alipiga simu. Nikamwambia vumilia kidogo. Akapiga tena. Nikarudia neno lile lile, naye safari hiyo hakuniita dada.

Sasa sikiliza. Mwisho wa wiki moja Mkuu aliazima kompyuta akaandike taarifa ya shule nyumbani kwake. Jumatatu nikaifungua niingize alama, na kivinjari kikafanya nilichokifundisha: kikaleta kurasa zilizoachwa wazi. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za Mkuu. Alikuwa akiomba kuhamia Rungwe. Na kiongezo changu kilikuwa kimetunza kila alichoandika kwenye fomu kabla hajaikatia tamaa: kwamba anaomba tena, kwamba mke wake amepooza upande mmoja na anauguzwa na majirani, kwamba yuko tayari kushushwa cheo awe mwalimu wa kawaida mradi apelekwe karibu. Pembeni kulikuwa na majibu ya maombi ya nyuma. Yote yalisema hajapatikana wa kubadilishana naye.

Nilikuwa bado nimeduwaa alipoingia. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Mkuu. Sikukusudia. Ni ule mpango niliouweka."

Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. "Nani atakuja Murungu kuwa mkuu wa shule?" akasema. "Wanataka Kasulu mjini. Wanataka Kigoma. Nikikuachia wewe, hata wa kunijazia fomu sina." Ndipo nilipoelewa kuwa hakuwa amenifungia kwa ubaya. Alikuwa ameogopa kuachwa.

Mchana aliniletea barua ya ruhusa darasani, imesainiwa na kupigwa muhuri, akanikabidhi mbele ya wanafunzi kama ananipa chaki. "Nenda," akasema kwa sauti ya chini. "Afadhali mmoja afike."

Jumamosi nilikuwa Kibondo mjini kabla Mama Swaumu hajafungua mlango. Akaichukua barua, akaipitisha kwenye mashine, nami nikafungua ukurasa wa maombi niiambatanishe. Mahali palipokuwa na jina la Bihaga palikuwa patupu.

Nilimpigia. Alipokea haraka, kama aliyekuwa akisubiri. "Dada, nisamehe. Nilikungoja mpaka nikaogopa. Nimepata mtu aliye Kasulu mjini kabisa, naye mkuu wake kamruhusu siku hiyo hiyo. Mama yangu ananitambua kwa sauti tu sasa. Ningengoja nini?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, Mama, na si maneno uliyonifundisha wewe. Kilichonitoka mdomoni ni, "Ukifika, msalimie mama." Nikakata simu. Mama Swaumu, yule yule mwenye ulimi, alishusha pazia la mlango, akaweka kiti nje kuzuia wateja, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Hela ya kopi hakuichukua.

Nimenaswa, Mama. Nalisema wazi ili Somoe asilipunguze. Nitaendelea kutafuta, na Mkuu na mimi sasa tunakaa Ijumaa baada ya vipindi tukitafuta pamoja, yeye wake, mimi wangu. Lakini huenda ukapita mwaka, huenda ikapita mitano, na Hamisi hatakaa mtoto akinisubiri. Nilidhani kumwacha huko ndiyo kushikilia nyumbani. Kumbe nilikuwa nashikilia ahadi huku nikimwachia mtoto.

Kwa hiyo ile ahadi ninaivunja kwa mkono wangu. Nimekwenda shule ya msingi ya hapa kuzungumza, nafasi ipo. Mama mwenye nyumba ameniongezea chumba na ameshanionyesha wajukuu wake watakaocheza naye. Atasema Kiha kabla ya sikukuu, utamcheka mwenyewe. Ninajua ninachokuomba. Ninajua uani kutakuwa kimya na mkono wako utamtafuta. Nakuomba umlete wewe, ukae nasi mpaka azoee, na ukichoka kukaa, tutajua la kufanya. Baridi ya huku si nzuri kwa goti, sikudanganyi, lakini kuni zipo.

Nisalimie Mjomba mwenye mikorosho, mwambie niliapa mbele yake na nimeshindwa, anisamehe. Msalimie shangazi wa madrasa anayemfundisha Hamisi, amwandikie alipofikia ili nimtafutie mwalimu huku. Jirani wa mitumba msalimie pia, ila mwambie mpaka ni mpaka. Somoe, nakukumbatia, kusoma kwako nimekusema sana, lakini bila wewe barua yangu ni karatasi tu.

Hamisi usimpe salamu zangu. Salamu ni za watu wa mbali. Yeye mfungashie nguo, na sweta iwe juu kabisa ya begi, maana basi likishapita Kasulu ataanza kutetemeka.

Wako, ambaye anafagia chumba,

Mwanahawa